Hadithi za Kirusi za kejeli kuhusu waandishi wa matangazo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa msomaji anayekutana na hadithi hizi kwa mara ya kwanza, na pia wa mwandishi anayetaka kujaribu kuandika ya kwake.

Hadithi hizi zinahusu nini hasa?

Zinahusu mtu aliyesoma, mara nyingi mshairi, anayekubali kuandika tangazo la bidhaa kwa sababu mwenye nyumba anadai kodi. Mteja wake anauza chai, sigara, pombe, dawa ya kuotesha nywele au viatu vya mpira. Kati yao lipo gazeti, nalo lina mhariri wake, karani wake na bei zake. Hadithi nzima huisha ndani ya kurasa tatu au nne.

Wengi hudhani kichekesho kiko kwa mshairi aliyeshuka hadhi. Mshairi aliyeshuka hadhi peke yake anatia huruma tu, na huruma huua kicheko. Kinachochekesha ni hesabu: mstari mmoja ni kopeki (senti za Urusi) ngapi, nani anaulipia, na nani ana haki ya kuukata. Ukishaielewa hesabu hiyo utacheka mahali ambapo msomaji mwingine anapita tu.

Ni hadithi moja maalumu, au ni aina ya hadithi?

Ni aina. Anton Chekhov, akiwa bado kijana anayejiita Antosha Chekhonte, alichapisha mwaka 1881 mkusanyo wa matangazo ya mzaha chini ya jina la ofisi ya matangazo ya Antosha Ch. Magazeti ya vichekesho ya Petersburg na Moscow yalijaa matangazo ya uongo ya namna hiyo. Mwaka 1928 Ilya Ilf na Yevgeny Petrov walimleta Nikifor Lyapis, mshairi anayeandika shairi moja kuhusu mtu aitwaye Gavrila, kisha anazunguka ofisi za magazeti ya idara mbalimbali akimbadilishia Gavrila kazi kulingana na mnunuzi. Hiyo ni sura ya riwaya yao ya *Viti Kumi na Viwili*, lakini husomwa peke yake kama hadithi fupi. Mwaka 1999 Viktor Pelevin alitoa riwaya ambayo mhusika wake ni kijana wa Taasisi ya Fasihi anayeanzia kuuza kwenye kibanda na kuishia kutunga matangazo ya televisheni. Zana zimebadilika, ila swali la nani anamlipa nani ni lile lile.

Kwa nini jambo hili lilishika sana Urusi?

Zipo sababu tatu, na ya kwanza ndiyo nzito.

Waandishi wa vichekesho walilipwa kwa mstari, na kurasa zao zilichapwa jirani na matangazo yaliyolipiwa kwa mstari vilevile. Mwandishi aliona waziwazi kwamba jirani yake wa upande wa pili wa ukurasa, yaani tangazo la vidonge, linaingizia gazeti pesa, ilhali yeye analigharimu. Mtu mwenye kalamu kali hawezi kuliona hilo kila wiki akanyamaza.

Pili, biashara ya matangazo ilikua kwa kasi. Mwaka 1878 Ludwig Metzl alifungua Moscow ofisi kuu ya matangazo iliyokusanya matangazo ya wateja na kuyapeleka kwenye magazeti mengi. Kauli yake kwamba tangazo ndilo linaloendesha biashara ilienea mpaka ikawa msemo wa watu, na msemo wa watu ni chakula cha mwandishi wa kejeli.

Tatu, sifa za kulipiwa zilikuwa na historia chafu. Faddei Bulgarin, mhariri wa gazeti la *Severnaya pchela* lililoanzishwa 1825, alijulikana kwa kusifia maduka na bidhaa ndani ya makala zake za kawaida, na wapinzani wake walimwandama kwa hilo miaka yote. Msomaji wa Kirusi alikuwa na shaka na sifa za gazetini kabla hata Chekhov hajazaliwa.

Mwandishi alilipwa kiasi gani kwa mstari?

Hapa lazima kutenganisha malipo matatu ambayo watu huyachanganya.

Malipo ya kwanza ni yale gazeti linayompa mwandishi. Chekhov alipoanza kwenye gazeti la *Strekoza* mwaka 1880 aliahidiwa kopeki 5 kwa mstari. Kwa Nikolai Leikin, mhariri wa *Oskolki* la Petersburg, alipata kopeki 8 kuanzia 1882. Leikin hakutaka kipande kizidi mistari 100 hivi. Rubli moja ni kopeki 100, kwa hiyo kipande kilichojaa kabisa kilileta rubli 8, na mistari 60 ilileta rubli 4 na kopeki 80. Chekhov wakati huo alikuwa mwanafunzi wa udaktari Moscow na familia nzima ilimtegemea. Aliandika vipande vingi mno, na mtu akivisoma leo anaona jinsi alivyojifunza kuingia moja kwa moja kwenye jambo: dari lilikuwa mistari 100, hapakuwa na nafasi ya kueleza hali ya hewa.

Malipo ya pili ni yale mwenye bidhaa anayolipa gazeti. Haya yalihesabiwa kwa mstari wa petiti, herufi ndogo ya pointi 8. Kwa kipimo cha Didot kilichotumika Urusi, pointi moja ni kama milimita 0.376, kwa hiyo mstari wa petiti unachukua takriban milimita 3 za kimo. Tangazo la mistari 20 ni sentimita 6 za safu. Tena bei haikuwa moja: tangazo lililowekwa mbele ya habari liligharimu zaidi ya lile lililowekwa nyuma yake. Ndiyo maana kurasa za kwanza za magazeti ya zamani ya Urusi zimejaa matangazo na tanzia, na habari unazikuta ndani.

Malipo ya tatu, ambayo ndiyo moyo wa hadithi hizi, ni yale ya siri au nusu siri: mwenye bidhaa anampa mshairi pesa mkononi. Hayana bei maalumu. Yanapatanwa, na mapatano hayo ndiyo mazungumzo ya hadithi.

Mstari ulihesabiwaje? Mbona kuna mzaha mwingi juu ya mistari mifupi?

Ulihesabiwa mstari uliochapwa, siyo ule wa mswada. Kama mstari usiojaa unahesabiwa sawa na uliojaa, basi mazungumzo ya neno moja moja yana faida kubwa. "Ndiyo." ni mstari. "Kweli?" ni mstari. "Kweli." ni mstari wa tatu. Maneno matatu, pesa za mistari mitatu. Mhariri anayejua mchezo huo anakata, mwandishi anarudisha, na wote wawili wanajua kwamba hawagombanii sanaa.

Mshairi Vladimir Mayakovsky alisakamwa kwa jambo hilohilo. Mwaka 1923 alianza kupanga mashairi yake kwa ngazi, yaani mshororo mmoja unavunjwa vipande vinavyoshuka kama vidato. Mahasimu wake walisema anafanya hivyo ili alipwe mara tatu. Yeye alikuwa na sababu zake za usomaji wa jukwaani, lakini porojo hiyo imeishi kuliko maelezo yake.

Baadaye zama za Kisovieti ziliweka kipimo cha malipo kilichoitwa karatasi ya mwandishi: herufi 40,000 za nathari pamoja na nafasi, au mistari 700 ya ushairi. Gawanya: mstari wa shairi umepewa thamani ya herufi 57 hivi. Anayeandika mishororo ya herufi 20 anacheka njia nzima mpaka kwa mhasibu.

Tangazo lilifikaje gazetini, hatua kwa hatua?

Mteja alikwenda ofisi ya gazeti au kwa wakala. Karani alihesabu mistari, akauliza litoke mara ngapi na likae mbele au nyuma ya habari, akataja bei. Maandishi yalihitaji idhini. Matangazo madogo na mabango ya ukutani yalipita polisi, na ya dawa yalikuwa na masharti yake ya kitabibu. Kisha mpangaji chapa aliyapanga kwa herufi za madini ya risasi. Mteja alilipa.

Kila hatua ina mtu, na kila mtu anaweza kuharibu maandishi kwa nia njema: karani anafupisha ili kumsaidia mteja, afisa wa polisi anafuta neno asilolielewa, mpangaji chapa anakosa herufi kubwa za kutosha akatia za aina nyingine. Ukiandika hadithi, chagua wawili tu kati yao. Ukiwatumia wote msomaji atachoka kuhesabu kabla hajacheka.

Jambo dogo kwa anayetaka kuiga tangazo la kabla ya 1918: maneno mengi ya Kirusi yaliishia kwa herufi ъ isiyotamkwa, mpaka mageuzi ya tahajia ya mwaka huo yakaiondoa mwishoni mwa maneno. Herufi bubu, lakini ilikula nafasi ya mstari kama nyingine.

Ni matangazo gani yaliyochekwa zaidi?

Ya nywele kwanza. Tangazo la Anna Csillag lilikuwa na picha ya mwanamke mwenye nywele zinazofika chini, na maneno yake yalianza kwa yeye kujitambulisha kwa jina na kutaja urefu wa nywele zake, sentimita 185. Lilichapwa miaka nenda miaka rudi Ulaya ya kati na Urusi. Jingine lilikuwa la John Craven-Burleigh, lililoanza kwa mtu kukiri kwamba alikuwa na upara. Wachekeshaji hawakuhitaji kuyatilia chumvi. Walibadilisha bidhaa tu, wakaacha sauti ile ile ya ushuhuda.

Yalifuata ya vidonge vinavyotibu kila kitu. Yalikuwepo pia matangazo ya gazeti la *Novoye Vremya* ambamo mwanamke kijana anatafuta kazi ya kusimamia nyumba ya bwana anayeishi peke yake. Kila msomaji alielewa, na hapakuwa na neno hata moja la kumshtaki mtu. Kwa mwandishi wa kejeli hilo ni somo zuri kuliko lolote: tangazo linalofanya kazi ni lile ambalo msomaji anamalizia mwenyewe.

Na ya pombe. Inasimuliwa kwamba kampuni ya Shustov, iliyoanzishwa 1863, iliwalipa wanafunzi wazunguke migahawa wakiagiza kinywaji cha Shustov, na wakikikosa wafanye fujo mpaka waitiwe polisi. Gazeti likaandika habari ya fujo, na jina la bidhaa likachapwa bure. Iwe ilitokea hivyo hasa au imekolezwa, ni muundo kamili wa hadithi fupi, na umeazimwa mara nyingi.

Kulikuwa na washairi halisi walioishi kwa matangazo?

Ndiyo. Kabla ya mapinduzi aliyejulikana zaidi alikuwa Sergei Korotky, aliyetia sahihi kwa jina la Mjomba Mikhei. Aliitungia kampuni ya sigara ya Shaposhnikov ya Petersburg beti nyepesi zenye vina vya wazi, za kusomwa na mtu anayesubiri usafiri. Jina lake likawa tusi la kitaaluma: kumwambia mshairi kwamba anaandika kama Mjomba Mikhei ilitosha kumkasirisha.

Mayakovsky aliambiwa hivyo pia, na jibu lake lilikuwa kuifanya kazi hiyo mchana kweupe. Kuanzia 1923, katika miaka ya Sera Mpya ya Uchumi ambapo maduka ya serikali yalishindana na wafanyabiashara binafsi, yeye na msanii Aleksandr Rodchenko walijitambulisha kama wajenzi wa matangazo. Mayakovsky alitoa maneno, Rodchenko akachora. Wateja wao walikuwa mashirika ya serikali: duka kubwa la GUM, shirika la mpira Rezinotrest, shirika la vyakula la Moscow Mosselprom, na shirika la uchapishaji la serikali. Kuna bango la 1923 la chuchu za mpira za watoto wachanga, linalodai kwamba bora kuliko hizo hazijawahi kuwepo na kwamba mtu yuko tayari kuzinyonya hadi uzeeni. Kuna peremende ambazo karatasi zake zilibeba beti kuhusu viwanda. Na kuna kauli ya Mosselprom kwamba hakuna mahali pengine isipokuwa kwao, iliyochorwa hata ukutani kwa jengo la shirika hilo Moscow. Mayakovsky aliandika baadaye katika maelezo ya maisha yake kwamba, washairi wenzake wazomee watakavyo, mstari huo yeye anauhesabu kuwa ushairi wa daraja la juu kabisa. Kwenye maonyesho ya Paris ya 1925 kazi zao zilitunukiwa medali ya fedha.

Anayedhihaki mshairi wa matangazo bila kuijua habari hii atapiga shabaha iliyokwisha kusogea. Aibu siyo lazima. Hadithi ya mshairi anayejivunia tangazo lake inaweza kuwa kali kuliko ya yule anayejificha.

Magazeti gani yalikuwa makao ya kejeli hii?

*Strekoza* na *Oskolki* kwa karne ya 19. Mwaka 1908 watu wa *Strekoza* walianzisha *Satirikon*, na mwandishi wa vichekesho Arkady Averchenko akawa mhariri wake. Mwaka 1913 yeye na wenzake waligombana na mwenye mali wakatoka na kuanzisha *Novy Satirikon*, lililofungwa na serikali ya Wabolsheviki mwaka 1918. Mayakovsky mwenyewe aliandikia *Novy Satirikon* mwaka 1915, kwa hiyo aliyajua malipo ya mstari kutoka pande zote mbili za meza.

Hadithi ya namna hii hujengwaje? Naomba hatua.

Anza na hesabu kwenye karatasi kabla ya sentensi ya kwanza. Tuchukue mfano tuliojitungia. Mshairi anaagizwa na mfanyabiashara wa chai aandike beti zenye mistari 12 kwa kopeki 25 mstari. Jumla rubli 3. Gazeti litamtoza mfanyabiashara kopeki 40 kwa kila mstari utakaochapwa, yaani rubli 4 na kopeki 80. Tayari una mgongano bila kumtukana mtu yeyote: mshairi anataka mistari iwe mingi, mteja anataka iwe michache, na wote wanazungumza kana kwamba wanajadili uzuri wa lugha.

1. Aya ya kwanza: haja. Mshairi anadaiwa kiasi fulani, nacho kikaribie malipo anayotarajia. Tuseme anadaiwa rubli 2 na kopeki 80. Usieleze utoto wake.

2. Sharti la aibu. Mshairi anadai jina lake lisitokee. Mteja anakubali haraka mno. Wepesi huo uache bila maelezo.

3. Mswada wa kwanza. Onyesha mistari miwili tu ya shairi, nayo iwe mizuri kidogo kuliko inavyohitajika kwa chai.

4. Marekebisho matatu, si zaidi. La kwanza liwe la akili: mteja anasema mwezi na mto havihusiani na chai, mistari minne inaondoka, rubli moja imekwenda. La pili liwe la ukoo: mkewe ameona kwamba shairi halitaji duka la kaka yake, mistari miwili inatolewa na mmoja unaingizwa. La tatu liwe la gazeti: karani anashauri anwani ikae peke yake, mistari mitatu inatoka. Kumi na mbili, nane, saba, nne. Msomaji lazima aweze kuhesabu mwenyewe, kwa hiyo usiruke hatua.

5. Mgeuko. Imebaki mistari minne, rubli moja, na kwa bahati mbaya ni tangazo zuri. Mshairi anasoma na kuona kwamba ni kazi yake bora ya mwaka. Sasa anataka jina lake litokee.

6. Hesabu ya mwisho. Jina ni mstari mmoja. Mstari ni kopeki 40 gazetini. Mteja anampa mshairi kopeki 20 alitoe. Wote wamepata kopeki 20.

Simama hapo. Usiongeze mshairi akitembea kwenye theluji.

Mteja awe mjinga?

Hapana. Kosa hili ndilo tunaloliona zaidi kwenye miswada. Mfanyabiashara mjinga anampa mshairi ushindi wa bure, na msomaji anajua nani atacheka mwisho. Mfanyabiashara wa Chekhov au wa Averchenko anaijua biashara yake: anajua mwezi gani chai haiuziki, mteja gani hulipa, na kwa nini jirani yake alifilisika. Mpe angalau pingamizi moja ambalo ni sahihi kabisa. Hadithi itapata uti wa mgongo hapo.

Hadithi yangu haichekeshi. Tatizo liko wapi?

Angalia kwanza kama bei zimetajwa. Ukisema "pesa kidogo" msomaji hana cha kushika. Sema kopeki ngapi.

Kisha angalia ukubwa wa matusi. Ukiona umemwita mteja mnene, mwenye jasho, mwenye pete nne, umeshamchapa viboko kabla hajasema neno, na maneno yake hayatakuwa na kazi. Katika hadithi nzuri mteja ana adabu kuliko mshairi. Anasema "tafadhali" na kukata mstari.

Tazama pia maneno ya ufundi. Yule Lyapis wa 1928 anachekwa kwa sababu ametumia neno jeki akidhani ni kitu kinachoanguka kwa kasi. Kichekesho hicho kinawezekana kwa kuwa waliomtunga walijua jeki ni nini. Mwandishi akikosea ufundi bila kujua, kicheko kinamgeukia yeye. Kama mhusika wako anauza viatu vya mpira, jua vinavaliwa juu ya viatu vya ngozi wakati wa tope, na kwamba theluji ikiyeyuka ndipo vinapouzwa.

Kosa la mwisho ni mwisho wenyewe: mshairi anachana tangazo na kumrushia mteja pesa. Hilo ni tamthilia ya kuigizwa shuleni. Katika mfano wetu amepewa rubli moja na kopeki 20 huku anadaiwa rubli 2 na kopeki 80. Hawezi kurusha kitu.

Urefu ufaao ni upi?

Mistari 100 ya Leikin ni kipimo kizuri hata leo. Kwa Kiswahili ni kama maneno 700 hadi 900, maana sentensi zetu hubeba viambishi vingi ndani ya neno moja. Zaidi ya maneno 1,500 hesabu inaanza kusahaulika na itakubidi uirudie, na hesabu inayorudiwa haichekeshi.

Udhibiti wa serikali uliathirije hadithi hizi?

Sana. *Oskolki* lilipitia kwa mdhibiti kabla ya kuchapwa, na kipande kilichokataliwa hakikulipwa. Mwandishi alijifunza kushambulia mfanyabiashara, kwa kuwa waziri hakugusika. Kuanzia 1922 udhibiti wa Kisovieti ulikuwa chini ya idara iitwayo Glavlit, na hapo mfanyabiashara binafsi akawa shabaha iliyoruhusiwa rasmi, jambo ambalo kwa kejeli si neema hata kidogo. Ndiyo maana Ilf na Petrov wanachekesha zaidi wanapoingia kwenye ofisi za magazeti ya idara kuliko wanapomsuta mchuuzi.

Nawezaje kuweka shairi baya la tangazo kwenye hadithi ya Kiswahili?

Hapa tuna bahati. Masikio ya msomaji wa Kiswahili yamezoea vina na mizani, na hasikii tabu kugundua mshororo uliopinda. Tunga ubeti wa mishororo minne yenye mizani 16, nane kwa nane, kisha lazimisha jina la bidhaa liingie kwenye kina cha mwisho hata kama linapasua mizani. Msomaji atajikwaa pale pale ulipotaka.

Lakini uharibifu uwe mmoja. Ubeti uliovurugika kote unaonekana kazi ya mtu asiyejua kutunga, na mhusika wako anajua. Kilichoharibu ni bidhaa. Ukitafsiri kutoka Kirusi fanya vivyo hivyo: acha maneno ya asili, shika mahali ambapo bidhaa imemkaba mshairi, na uikabe mahali pale pale. Kopeki usizigeuze kuwa shilingi. Ukigeuza, bei zitapitwa na wakati kila mwaka na hesabu itaharibika.

Nianze kusoma wapi?

Anza na vipande vifupi vya Chekhov vya 1880 hadi 1885, kisha Averchenko, kisha sura ya Lyapis. Anayetaka kuizoea kejeli ya Kirusi kwa Kiswahili kwanza atafute tamthilia ya Gogol iliyotafsiriwa kama *Mkaguzi Mkuu wa Serikali*. Haina tangazo hata moja, ila ina watu wanaolipa ili waonekane vizuri, na hesabu zao zimewekwa wazi.

Nikimaliza kuandika, nimpe nani asome kwanza?

Mpe mtu anayechapa au anayeuza matangazo, redioni, gazetini au kwenye mabango. Usimwambie ni kichekesho. Mwombe akague mambo ya kazi tu: bei, nani anaidhinisha, nani analipwa lini. Akiuliza kwa nini mshairi hakudai arubuni kabla ya kuanza, rudi kwenye hatua ya pili ukaweke sababu.